Jaji Annie Jiagge apewe sifa zake, si za wengine

Mhariri,

Machi 10 ni Siku ya Kimataifa ya Majaji Wanawake, na safari hii mmeitumia nafasi hiyo kumtambulisha Jaji Annie Jiagge wa Ghana kwa wasomaji wa Unguja na Pemba. Mmefanya jema, kwani hapa jina lake halijulikani hata katika korido za mahakama. Lakini makala ile imebeba makosa manne: kwamba alikuwa jaji wa kwanza mwanamke katika Jumuiya ya Madola nzima, kwamba alikuwa mwanasheria wa kwanza mwanamke wa nchi yake, kwamba alifika kuwa Jaji Mkuu, na kwamba ndiye aliyeandika CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Yote manne si kweli. Matatu ya mwanzo yanawapokonya wenzake haki yao. La nne linaweza kumpotezea mwanamke wa hapa kesi yake, na hilo nitalikalia zaidi.

Alizaliwa Lomé, Oktoba 7, 1918, akiitwa Annie Ruth Baëta. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, mama yake mwalimu. Jina la Jiagge ni la mumewe, Fred Jiagge, waliyeoana 1953. Hapo pana mtego kwa kila anayetafuta kumbukumbu zake: miaka yake ya ualimu, masomo na uwakili ni ya Baëta, na ya kiti cha hukumu ni ya Jiagge. Atakayetafuta kwa jina moja atapata nusu ya mtu.

Lomé iliangukia kwa Wafaransa, naye akalelewa na bibi yake Keta, upande wa Waingereza, ili asome kwa Kiingereza. Keta ni mji uliojengwa juu ya ukanda wa mchanga, bahari huku na wangwa mkubwa huku, na kwa miaka mingi bahari imekuwa ikila nyumba mtaa kwa mtaa. Watu wa Kisiwa Panza, hapa Pemba, hawahitaji kuelezwa zaidi. Alipata cheti cha ualimu katika chuo cha Achimota mwaka 1937, na tangu 1940 hadi 1946 alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya kanisa ya wasichana hapo Keta. Kwa hivyo aliposhuka London mwaka 1946 kusomea sheria hakuwa msichana aliyetoka skuli jana. Alikuwa na miaka 27 na alikwisha kuendesha skuli.

Shahada aliipata London School of Economics mwaka 1949, na 1950 akaitwa kwenye uwakili na Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vinne vya London vyenye mamlaka hayo. Utaratibu wa vyama hivyo unafaa kuelezwa, maana vijana hudhani ulikuwa ni mitihani tu. Mwanafunzi alilazimika pia kuhudhuria idadi maalumu ya dhifa katika ukumbi wa chama, muhula kwa muhula, na hesabu ikawekwa. Aliyefaulu mitihani yote akapungukiwa na dhifa, alisubiri. Kuula uwakili kule kulikuwa na maana mbili.

Alirudi akafanya kazi ya uwakili wa kujitegemea, kisha ngazi zake zikawa hivi: hakimu Juni 1953, jaji wa mahakama ya mzunguko 1959, jaji wa Mahakama Kuu 1961, jaji wa Mahakama ya Rufaa 1969, rais wa Mahakama hiyo ya Rufaa 1980, na kustaafu 1983. Miaka 30 kamili, hakuruka hata kidato kimoja.

Tazameni hapo 1959 na 1961. Mahakama ya mzunguko ya Ghana haina mwenzake kamili kwetu. Kwa uzito wa kesi tunaweza kuilinganisha na Mahakama ya Mkoa. Anayekaa pale huitwa jaji, lakini mahakama yenyewe si miongoni mwa zile za juu. Ndiyo maana wengine huandika kwamba alikuwa jaji mwaka 1959 na wengine 1961, na wote wana hoja. Anayetaka kulinganisha nchi na nchi achukue 1961, kwa sababu Mahakama Kuu ndiyo ngazi inayofanana kote tulikorithi sheria ya Kiingereza.

Tukitumia kipimo hicho, Anna Chandy wa India aliteuliwa Mahakama Kuu ya Kerala mwaka 1959, na India ni mwanachama wa Madola. Kosa la kwanza limeanguka. La pili linaanguka kwa Essi Matilda Forster, aliyemtangulia Jiagge katika uwakili wa Gold Coast, kama Ghana ilivyoitwa wakati ule. Na ikiwa mtu atasema basi angalau alikuwa hakimu wa kwanza mwanamke wa Afrika Magharibi, ajue kwamba Stella Thomas wa Nigeria aliukalia uhakimu tangu 1943. Linalobaki, na ni kubwa la kutosha, ni kwamba alikuwa jaji wa kwanza mwanamke wa Ghana, tena mapema mno. Julie Manning wa Tanzania, aliyekuwa jaji kabla ya kuwa Waziri wa Sheria 1975, alikuja zaidi ya miaka kumi baadaye. Effie Owuor aliingia Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 1982.

Neno "wa kwanza" lina tabia mbaya: likishaandikwa mara moja hakuna anayelihakiki tena. Mwandishi akikutana nalo aulize mambo matatu kabla ya kulipeleka kwa mhariri. Wa kwanza wa wapi? Katika mahakama ipi? Kwa tarehe ya kuteuliwa, au ya kula kiapo? Uteuzi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mara nyingi kiapo huwa siku nyingine. Kwa majaji wa zamani ipo njia nyepesi zaidi, nayo ni kufungua vitabu vya hukumu. Jaji wa Mahakama Kuu huandikwa jina likifuatiwa na herufi J, na wa rufaa hufuatiwa na JA. Hukumu yenye "Jiagge J" ni ya kabla ya kupanda 1969. Yenye "Jiagge JA" ni ya baadaye. Karani yeyote wa masjala anayejua kazi yake anaweza kukuonesha hilo kwa dakika mbili.

Kosa la tatu nadhani limetokana na tafsiri. Rais wa Mahakama ya Rufaa si Jaji Mkuu; ni mkuu wa mahakama hiyo moja, chini ya Jaji Mkuu. Mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Ghana ni Georgina Wood, mwaka 2007, miaka kumi na moja baada ya Jiagge kufariki. Lakini pia asidharauliwe kwa kuwa hakukaa Mahakama ya Juu. Kuanzia 1972 wanajeshi waliokuwa wakitawala waliifuta Mahakama ya Juu, na hadi iliporejeshwa na katiba ya 1979 Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyokuwa mwisho wa njia. Mtu aliyeshindwa katika mahakama ile miaka hiyo hakuwa na mahakama ya juu zaidi ya kwenda.

Miaka yake mahakamani haikuwa ya utulivu. Rais Nkrumah alipopinduliwa Februari 24, 1966, ziliundwa tume za kuchunguza mali za viongozi waliotajwa, na mojawapo ilikabidhiwa yeye na hadi leo huitwa Tume ya Jiagge. Kazi ya tume ya namna ile ni ya hesabu zaidi kuliko sheria: orodha ya nyumba, magari na akiba za benki upande mmoja, mishahara na mapato halali upande wa pili, na mwenye mali aeleze tofauti imetoka wapi. Walioshindwa kueleza walidaiwa. Ni kazi inayompatia jaji maadui wa maisha, na hakimu yeyote aliyewahi kugawa mirathi ya ndugu waliokosana anaelewa kwa kiwango kidogo.

Kibaya zaidi kilikuja mwishoni. Usiku wa Juni 30, 1982, majaji watatu wa Mahakama Kuu na mwanajeshi mmoja mstaafu walichukuliwa majumbani mwao Accra wakauawa kwa risasi katika uwanja wa mazoezi ya jeshi wa Bundase. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Jaji Cecilia Koranteng-Addow, mama aliyekuwa na mtoto mchanga. Wakati huo Jiagge ndiye rais wa Mahakama ya Rufaa. Mwaka uliofuata alistaafu. Makala yenu haikuligusa hili kabisa, na sijui vipi mtu ataelewa uzito wa kiti kile bila ya kulijua.

Sasa nije kwenye CEDAW.

Kuna hati mbili, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni Azimio la Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake, la 1967. Ya pili ni Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, wa 1979, na huo ndio CEDAW. Mkono wa Jiagge uko katika ile ya kwanza.

Desemba 5, 1963, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliagiza rasimu ya azimio itayarishwe. Kazi ikashuka kwa Kamisheni ya Hali ya Wanawake, ambako Jiagge aliiwakilisha Ghana tangu 1962 hadi 1972, na rasimu ya msingi ikawa yake. Kamisheni ilipoipeleka juu mwaka 1966, Kamati ya Tatu ya Baraza Kuu iliirudisha ikiwa imejaa marekebisho. Ikaandikwa upya, na Novemba 7, 1967 ikapita bila kupingwa, kwa azimio namba 2263. Mwaka 1968 alichaguliwa mwenyekiti wa kamisheni hiyo.

Hati nzima ina ibara 11 tu. Ibara ya 2 inataka sheria, mila na desturi zinazombagua mwanamke zifutwe. Ya 7 ni fupi kuliko zote: kila kifungu cha sheria ya jinai kinachombagua mwanamke kiondolewe. Ya 9 inataka wasichana na wanawake wapate elimu sawa, na imetia maneno mawili mazito, "walioolewa au wasioolewa." Ya 6 ndiyo ya mali na ndoa: haki ya kumiliki, kusimamia, kufaidi, kuuza na kurithi, pamoja na mali iliyopatikana ndani ya ndoa.

Hiyo ya 6 isomwe pole pole, kwa sababu ndipo ufundi wa mwandishi wa sheria unapoonekana. Haianzi na haki. Inaanza na kinga: bila ya kuathiri kulindwa kwa umoja na maelewano ya familia, ambayo ndiyo msingi wa jamii yoyote. Wajumbe wengi walioogopa kwamba Umoja wa Mataifa unaingia vyumbani mwa watu waliweza kuunyoosha mkono baada ya kulisikia sharti hilo. Bila ya maneno yale sidhani kama ibara ingepita bila kupingwa. Lakini yana gharama yake, maana serikali isiyotaka kubadilisha kitu inaweza kujificha humo humo ikasema inalinda familia. Walioandika Mkataba wa 1979 waliliona hilo, na katika Ibara yao ya 16, inayohusu ndoa, kinga hiyo haimo. Ndiyo ibara ambayo nchi nyingi zimeiwekea pingamizi, yaani zimeridhia Mkataba lakini zikasema hazifungwi na ibara hiyo au sehemu yake. Tanzania haikuweka pingamizi lolote.

Tofauti ya pili ni nguvu. Azimio ni ahadi ya heshima, halimfungi aliyelipigia kura. Mkataba unaifunga nchi, lakini kwa hatua. Kusaini ni hatua ya kwanza. Tanzania ilisaini Julai 17, 1980. Kuridhia ni hatua ya pili. Iliridhia Agosti 20, 1985. Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika: katika mfumo wetu mkataba ulioridhiwa hauwi sheria ya nchi mpaka chombo cha kutunga sheria kiutungie sheria. Mambo ya Nje ni ya Muungano, kwa hivyo kuridhia kunafanywa na Jamhuri ya Muungano. Ndoa, talaka, mirathi na ardhi si mambo ya Muungano, kwa hivyo kwa Zanzibar wa kuyatungia sheria ni Baraza la Wawakilishi.

Hapo ndipo watu wanapoangukia. Mtu hufika mahakamani na karatasi aliyopewa kwenye semina, anasema "CEDAW inanipa haki ya nusu ya nyumba," na hakimu anamuuliza swali moja tu: sheria gani ya Zanzibar, kifungu gani? Akinyamaza, hoja imekwisha. Wengine huja na Sheria ya Ndoa ya 1971 na kifungu chake cha 114 cha kugawa mali, bila ya kujua kwamba sheria hiyo ni ya Tanzania Bara na haivuki Chumbe.

Mpango sahihi ni kinyume chake. Unaanza na Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, kinachohusu usawa mbele ya sheria. Kama shauri ni la ndoa au talaka baina ya Waislamu, unakwenda kwenye Sheria ya Mahakama ya Kadhi Na. 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Mkataba unakuja mwisho, kama taa ya kusomea maneno ya sheria pale yanapobeba maana mbili. Hivyo ndivyo Jaji Mwalusanya alivyoutumia kule Mwanza mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim na Pastory, juu ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo: aliusimamisha uamuzi juu ya Katiba, na CEDAW akaitia ubavuni. Na ajue mapema mwenye shauri kwamba kesi iliyoanzia kwa kadhi haiendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Inaishia hapa hapa Zanzibar, kwa hivyo kilichosahaulika kutolewa mwanzo hakina pa kutolewa tena.

Kinachosahaulika zaidi ni ushahidi wa mchango. Mwanamke wa Paje au Micheweni aliyenunua mabati kwa fedha za mwani mara nyingi hana karatasi hata moja, kwani risiti iliandikwa jina la mume aliyekwenda dukani. Hapo sheria iwe nzuri namna gani haitamfaa. Risiti iandikwe jina la aliyetoa fedha, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa lioneshe mkopo ulichukuliwa kwa kazi gani, na fundi aliyelipwa ajue nani alimlipa. Mambo madogo haya ndiyo yanayompa kadhi au hakimu pa kushika.

Kwamba hati hizi mbili zisingetosha peke yake, historia yetu wenyewe inaonesha. Mwaka 1985, mwaka ule ule Tanzania iliporidhia CEDAW, Zanzibar ilipitisha sheria iliyoruhusu mwanamke asiye na mume akipata mimba afungwe hadi miaka miwili. Ibara ya 7 ya Azimio ilikuwa na umri wa miaka 18. Kifungo kile hakikuondolewa na Azimio wala na Mkataba. Kiliondolewa na Baraza la Wawakilishi kwa Sheria Na. 4 ya 2005, baada ya mabishano marefu. Upande wa elimu, kwa haki, tulitangulia: msichana aliyejifungua aliruhusiwa kurudi skuli hapa Zanzibar mapema kuliko Bara, ambako ilisubiriwa mpaka Novemba 2021.

Mengine ya Jaji Jiagge nitayapita haraka, kwani makala yenu iliyaeleza vyema. Aliongoza Baraza la Taifa la Wanawake na Maendeleo la Ghana tangu lilipoundwa 1975, na mwaka huo huo, katika mkutano wa Nairobi, alichaguliwa mmoja wa marais sita wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Alifariki Juni 12, 1996.

Naomba basi masahihisho yachapishwe, na pale chini ya picha yake yaandikwe: jaji wa kwanza mwanamke wa Ghana, mwandishi wa rasimu ya Azimio la 1967. Ni maneno kumi na matatu; yanaenea chini ya picha yoyote.

Karani mstaafu wa mahakama,
Chake Chake, Pemba